Sahani Iliyooshwa Usiku: Barua Tatu Kuhusu Simu, Upweke na Vijana Wetu

Barua nyingi tulizopokea tangu toleo lililopita zilihusu jambo moja: kijana aliye nyumbani, chuoni au barazani, ambaye mwili wake upo lakini mwenyewe haonekani, na mkononi ana simu. Nimechagua tatu kati ya hizo. Majina ya walioziandika na mambo yanayoweza kuwatambulisha tumeyaondoa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu hali inayoelezwa humo haifai kusubiri.

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 23 na alimaliza stashahada ya uhasibu mwaka juzi. Alikuwa mcheshi, mcheza mpira, na mtaani kila mtu alimjua. Mwaka jana aliitwa kwenye usaili Dodoma. Baba yake aliuza mbuzi wawili ili kijana apate nauli, lakini jina lake halikutoka. Rafiki aliyesafiri naye alipata. Tangu hapo akaanza kujitenga kidogo kidogo: kwanza aliacha mpira, kisha akaacha kwenda msikitini na wenzake, na sasa ni mwezi wa nane hatoki chumbani ila kwenda msalani. Mchana analala, usiku kucha yuko kwenye simu akicheza gemu na watu tusiowajua, na mara nyingine namsikia akicheka nao. Chakula namwachia mlangoni nimekifunika kwa kawa. Asubuhi naikuta sahani imeoshwa na kuwekwa mahali pake. Tukimwita hajibu, na akijibu ni kwa mkato. Baba yake amesema mwezi huu ukiisha ataivunja simu kwa nyundo. Jirani ananiambia kijana ametupiwa jini. Naomba uniambie: je, ni simu iliyomharibu mwanangu, na tukimnyang'anya atarudi kama zamani?

Mama wa Watatu, Tanga

Pole sana, mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya yote namwomba mzee aiweke nyundo chini. Uchungu wake nauelewa, maana aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya mwanawe ana haki ya kuumia anapomwona analala hadi alasiri. Lakini kwa sasa simu hiyo ndiyo mahali pekee ambapo kijana wenu bado anaitwa, anaitika na anacheka. Mkiukata uzi huo kabla ya kufunga mwingine, mtabaki na kijana yuleyule katika chumba kilekile, akiwa hana hata wa kucheka naye, na akiwa na sababu mpya ya kuwakwepa wazazi wake.

Umeuliza kama ni simu iliyomharibu. Tazama namna ulivyoyapanga mambo wewe mwenyewe: kwanza usaili, kisha jina kutotoka, kisha rafiki kupata, kisha mpira, kisha msikiti, na mwisho kabisa ndipo chumba na gemu. Simu alikuwa nayo tangu siku zile za mpira. Kilichoingia kati ni aibu. Kila akitoka nje anakutana na swali ambalo kwetu ni salamu tu, "Vipi, kazi umeshapata?", na kila anayemuuliza anaijua habari ya mbuzi. Ndani ya gemu hakuna anayeijua habari ya mbuzi. Huko anapimwa kwa anachoweza kufanya usiku ule, na akishindwa anaanza upya bila mtu kumwonea huruma.

Wajapani wanaiita hali ya namna hii hikikomori, yaani kujifungia na kujiondoa katika maisha ya watu kwa miezi sita au zaidi. Daktari wa magonjwa ya akili Saitō Tamaki aliieleza kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1998, na uchunguzi wa serikali ya Japani uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,460,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi hivyo. Nimeutaja mwaka 1998 kwa makusudi, kwa kuwa simu janja tunazozijua leo zilikuwa hazijatoka. Watu walijifungia kabla yake, na sababu zilizotajwa mara kwa mara zilikuwa kuacha kazi, kushindwa masomo au kutoelewana na wenzao. Familia nyingi huko zilificha jambo hilo kwa kuwaogopa majirani, miaka ikapita, na leo wanazungumzia wazazi wenye umri wa miaka 80 wanaowatunza watoto wao wenye miaka 50. Sikutishi, mwenzangu. Nakueleza kwa nini miezi minane ni mapema, na kwa nini kuandika kwako kumekuja wakati wake.

Hata hivyo sisemi simu haina lawama. Inaurahisisha ule mlango uendelee kufungwa. Inageuza usiku kuwa mchana, na mtu asiyelala usiku kwa miezi minane huwa mzito wa mwili na mwepesi wa kukata tamaa, hata kama hakuna jambo jingine linalomsumbua. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini liliweka masharti: mtu awe ameshindwa kujizuia, mchezo uwe umepewa nafasi mbele ya mambo mengine yote ya maisha, aendelee nao ingawa unamdhuru, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Mwenye kuyapima hayo ni daktari, si jirani wala mimi. Ninachokiona katika barua yako ni kijana aliyeumia kwanza, kisha akapata pa kujificha.

Sasa nirudi kwenye sahani, kwa maana umeitaja kwa kupita tu, nami kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoyaandika. Kijana wako anasubiri nyumba ilale, anatoka gizani, anaiosha sahani yake, na anairudisha mahali pake. Hakuna aliyemwamuru. Mtu aliyekwisha kujitoa kabisa katika nyumba haoshi vyombo vya nyumba hiyo. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nilifanya kazi ya uuguzi katika wodi na kliniki za afya ya akili kwa zaidi ya miaka 20, na kuna bibi mmoja ninayemkumbuka kila nisomapo barua kama yako. Mjukuu wake alikuwa amejifungia. Wajomba walikwishafanya kikao mlangoni pake mara mbili, wakamsomea orodha ya makosa yake, na mara zote mbili aliongeza kitasa. Bibi hakusema naye habari za kazi wala za simu. Kila jioni alikwenda mlangoni akasema, "Mwanangu, macho yangu hayaoni, nitungie uzi kwenye sindano." Siku za mwanzo ulitoka mkono tu, ukaipokea sindano, ukairudisha imetungwa uzi. Wiki ya tatu kijana alitoka akakaa naye mkekani hadi bibi alipomaliza kushona mto. Hawakuzungumza jambo la maana siku hiyo. Mwezi uliofuata ndipo bibi alipokuja naye kliniki, nami nikawapokea.

Tafuta sindano yako. Iwe kazi ndogo, ya kweli, ambayo yeye anaiweza na wewe unaihitaji: kuhesabu matumizi ya mwezi (kwani si mhasibu?), kufunga balbu, kuchota maji kabla ya alfajiri wakati njia bado haina watu. Usimpongeze kupita kiasi akifanya, wala usitumie nafasi hiyo kumwingizia swali la ajira. Mzee naye amwambie maneno machache, mara moja tu, na asingoje jibu: kwamba mbuzi walikuwa wake, aliwauza kwa hiari, na hamdai mtu. Sidhani kama kuna jambo lingine ambalo baba anaweza kumfanyia kijana huyu lenye uzito kuliko hilo.

Kuna swali gumu ambalo lazima muulize kwa upole: fedha za bando anazipata wapi? Nimeona vijana ambao nyuma ya simu yao kulikuwa na deni, limetokana na kubeti au na mikopo ya mtandaoni ile inayoitwa kausha damu, na wanaowadai wakawa wanawatumia ujumbe ndugu na marafiki ili kuwaaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo kijana aliyenaswa hayuko peke yake. Akikiri deni, msianze kwa kufoka. Deni linaweza kupangiwa utaratibu.

Kuhusu jini, sitaki kugombana na jirani yako. Dua msiiache, na kama kuna shehe ambaye kijana alimheshimu, aje kama mgeni, anywe chai, aondoke bila kumhubiria. Lakini dua haizuii hospitali. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa mkaulizie kitengo cha afya ya akili. Wazazi wanaweza kutangulia wao kwa ushauri hata kama kijana bado hajakubali kwenda. Inawezekana ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nayo hutibiwa kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Na hili ulishike sana. Ukimsikia anasema yeye ni mzigo, au anagawa vitu vyake, au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni karibu naye dawa na sumu za aina yoyote, na mfike hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni Dodoma, nyumbani ni Kigoma. Nina wafuasi zaidi ya 1,800 mtandaoni, lakini kantini nakula peke yangu. Usiku nikilala naperuzi picha za wenzangu, nikishtuka ni saa tisa. Kila mtu anaonekana ana raha isipokuwa mimi. Siku hizi hata nyumbani sipigi, maana mama akiniuliza hali nitalia. Je, nifute akaunti zote?

Binti wa Kigoma

Marahaba, mwanangu. Kwanza mpigie mama. Ukilia, ulie, mama yako si mgeni wa machozi yako, na kimya chako cha wiki kadhaa kinamtisha kuliko kilio cha dakika tano.

Hayo yanayokupata saa tisa za usiku si udhaifu wa tabia yako. Mwaka 2006 mbunifu wa programu aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, ule unaojiongeza wenyewe kila unapousogeza kwa kidole, na baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ulilazimika kubonyeza ili uendelee, na katika kituo hicho kidogo akili ilipata nafasi ya kujiuliza kama inataka kuendelea. Kituo hicho kimeondolewa. Pia hujui picha ijayo itakuwa ipi, ya kukufurahisha au ya kukuumiza, na kutojua huko ndiko kunakofanya kidole kisichoke. Chombo kimeundwa kikushike hadi saa tisa, nawe kimekushika.

Kuhusu raha za wenzako, fikiri jambo moja. Wewe mwenyewe, unayekula peke yako kantini, ulipiga picha ngapi za kucheka muhula huu? Nina hakika yuko msichana katika bweni jingine aliyeiona mojawapo usiku, akajiona yeye ndiye pekee asiye na raha. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 inasema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, kwamba vijana balehe wanaongoza, na kwamba katika nchi za kipato cha chini kiwango kinafika asilimia 24 hivi, karibu mara mbili ya nchi tajiri. Wengi wetu tulidhani upweke ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani, sisi tuna ndugu. Kumbe mtu anaweza kulala katika chumba cha wanafunzi sita, vitanda vya ghorofa, na bado akawa mpweke.

Sikushauri ufute akaunti zote kwa siku moja, kwa sababu wanaofanya hivyo kwa hasira hurudi baada ya wiki wakiwa wamejichukia zaidi. Anza na kitanda. Nunua saa ya kengele ya bei ndogo, ili simu isiwe na kisingizio cha kulala nawe, na chaja uichomeke mbali na mkono wako. Kisha tafuta jambo moja linalokukutanisha na watu walewale, mahali palepale, saa ileile, kila wiki: kwaya, netiboli, kikundi cha kujisomea kabla ya mitihani. Urafiki wa chuoni haujengwi kwa siku moja ya mazungumzo mazuri. Unajengwa kwa kuonana mara kwa mara bila sababu kubwa. Wiki mbili za kwanza utajiona huna pako hapo, na hilo lisikuondoe. Halafu kati ya hao 1,800, chagua mmoja uliyesoma naye sekondari, umtumie ujumbe wa sauti, umweleze ukweli, si picha.

Ila kama huzuni hii imekaa kwako karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, hamu ya kula na akili ya kusoma vimeondoka pamoja nayo, nenda kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, useme kama ulivyoniandikia mimi. Wakikusikiliza juujuu mara ya kwanza, rudi, au nenda hospitali.

Ndugu Mshauri, salamu kutoka Mombasa,

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nyumba yangu ya Mji wa Kale ina baraza ambayo marehemu baba alikuwa akipokea watu wa kila rika. Vijana bado huja jioni, lakini kila mmoja ameinamia simu yake. Yuko mmoja hukaa mwishoni kabisa, hainui uso hata nikipita na kahawa. Ubao wa bao nimeuhifadhi ndani kwa kukosa wachezaji. Nasikia Australia wamewapiga watoto marufuku mitandaoni. Je, nasi serikali zetu zisifanye hivyo?

Mwalimu Mstaafu

Shikamoo, mwalimu. Ni kweli kwamba sheria ya Australia, iliyopitishwa Novemba 2024, ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, na inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii ziwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Anayeadhibiwa ni kampuni, kwa faini inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5, wala si mtoto au mzazi. Hilo la kuitwika kampuni mzigo naliunga mkono. Lakini vijana wako wa barazani wamekwishapita umri huo, na hata ungewaondolea simu leo jioni, swali la nani atazungumza nao lingebaki palepale.

Mwaka 2006, huko Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona kwamba nchi yake ina wataalamu wachache mno kuwafikia wagonjwa. Akawafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi na kumsikiliza anayekuja. Hawakutumia maneno ya kitabuni. Walisema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani "ana mawazo" na kila mtu akaelewa kwamba si mawazo ya kawaida. Mpango huo ulipimwa kisayansi, matokeo yakachapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, na ikaonekana kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Umekwishafika hata Zanzibar. Mabibi wale walifunzwa kwanza, nami sikuombi uwe daktari. Kijana akikwambia jambo zito, mpeleke kwa wenye ujuzi. Ila benchi unalo tayari, tena la mawe, limejengwa na wazee wako.

Utoe ule ubao wa bao, mwalimu, uuweke nje hata kama utacheza na mzee mwenzako tu. Usiwaambie waache simu. Na yule wa mwishoni, asiyeinua uso, ndiye uanze naye. Kaa karibu yake na kahawa yako, muulize mchezo anaoucheza unaitwaje, umwombe akuonyeshe namna ya kuucheza, na ukikosea umwache acheke.